Dini na maadili katika Unyamwezi

Dini na maadili katika Unyamwezi ni mada inayohusu uhusiano kati ya imani za kidini na mwenendo mwema miongoni mwa watu walioishi au kupita katika eneo la Tabora, magharibi mwa Tanzania, tangu wakati wa misafara ya karne ya 19 hadi leo. Katika falsafa ya dini mada hii inahusiana na swali moja la zamani sana: je, jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au Mungu ameliamuru kwa sababu ni jema?

Unyamwezi unafaa kuchunguzwa kwa swali hilo kwa sababu ya njia iliyopita humo. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulikusanya watu wasioabudu namna moja: Waarabu wa Oman, Waswahili wa pwani, wapagazi wa Kinyamwezi, Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na baadaye Wazungu. Watu hao walikopeshana mali, walilala porini pamoja na kuzikana. Hawakuweza kungoja wakubaliane kwanza juu ya Mungu.

Swali lenyewe

Swali hilo linapatikana katika Euthifro, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato katika Ugiriki ya kale. Jibu la kwanza, kwamba wema ni amri ya Mungu tu, lina tatizo: kama Mungu angeamuru ukatili, ukatili ungekuwa mwema. Jibu la pili, kwamba Mungu anaamuru kilicho chema tayari, nalo lina lake: wema unaonekana kuwa na mizizi mahali pengine, na mtu asiye na dini anaweza kuufikia.

Waislamu walibishana juu ya jambo hilo karne nyingi kabla ya misafara. Wamutazila walisema akili ya binadamu inaweza kutambua jema na baya hata kabla ya kufikiwa na wahyi. Waashari, ambao msimamo wao ulienea miongoni mwa Wasuni wa madhehebu ya Shafii, wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki, walijibu kwamba jema ni lile lililoamriwa na baya ni lile lililokatazwa. Waarabu wengi wa Oman waliokaa Tabora walikuwa Waibadhi, na hao walitilia mkazo jambo lingine: imani isiyo na matendo haitoshi, na mwenye dhambi kubwa akifa bila kutubu hatatoka motoni. Kwa upande wa Wakristo, Thoma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba iko sheria ya maumbile ambayo kila mwenye akili anaweza kuisoma, awe amebatizwa au la. Hivyo waliofika Tabora na vitabu vyao hawakufika na jibu moja.

Likube na mizimu

Wanyamwezi walimjua Mungu mkuu kwa majina kadhaa. Likube ni Mungu wa juu, Limatunda ni Muumba, Liwelolo ni ulimwengu, na jua, Limi, nalo lilitajwa katika maombi. Lakini ibada ya kila siku haikuelekezwa kwake moja kwa moja. Iliwahusu mizimu, yaani wazee waliokufa. Mizimu ya mtu wa kawaida iliwagusa wazao wake tu, kwa kuwapa afya au kuwaletea ugonjwa wakisahauliwa, ilhali mizimu ya mtemi iliigusa nchi yake nzima, pamoja na mvua na mavuno. Matambiko yalikuwa ya unga na maji, au ya mbuzi na kondoo. Palipotokea shida, mfumu (mganga apigaye ramli) alitafuta chanzo chake, mara nyingi kwa kumchinja kuku na kumtazama ndani. Chama cha Waswezi kilishughulika na pepo waliowapanda watu.

Kinachovutia katika mpangilio huo ni kwamba Likube hakuwa mtoa amri. Hapakuwa na orodha ya makatazo iliyoshuka kutoka kwake. Aliyekosa hakuambiwa kwamba amemkosea Mungu. Aliambiwa kwamba amemkosea baba yake, jirani yake au mtemi, na madhara yangemfika hapa hapa duniani.

Wanafalsafa wa Afrika hawakubaliani juu ya maana ya jambo kama hilo. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliona dini imejaa katika kila sehemu ya maisha ya Mwafrika, kiasi kwamba haiwezekani kuitenga. Laurenti Magesa, padri Mtanzania, aliendeleza wazo hilo mwaka 1997 katika kitabu juu ya maadili ya dini ya Kiafrika: kwake, jema ni lile linaloongeza uhai wa jamii, wakiwemo wafu na wasiozaliwa, na hilo lenyewe ndilo dini. Kwasi Wiredu wa Ghana alikwenda kinyume. Akichunguza jamii yake ya Waakan, alisema maadili yao yanatokana na kujali hali njema ya watu, na kwamba heshima kwa wazee waliokufa ni mwendelezo wa heshima kwa wazee walio hai. Kwa Unyamwezi, kila upande una ushahidi wake. Mizimu ni sehemu ya dini bila shaka, na Magesa angeuliza ni wapi mtu angeichomoa. Hata hivyo, wanachodai mizimu ni kilekile ambacho mzee angedai akiwa hai, na hapo Wiredu ana nguvu zaidi.

Tahadhari inahitajika. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin aliwashutumu waandishi wanaolibebesha kabila zima falsafa moja, kana kwamba hakuna mtu ndani yake aliyewahi kubisha. Onyo hilo linafaa hapa hasa, maana Unyamwezi haukuwa nchi moja bali utemi nyingi, na jina lenyewe "Wanyamwezi" lilienezwa na watu wa pwani kwa wale waliotoka bara, upande wa magharibi.

Maadili ya njiani

Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa miezi kadhaa. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857, walifika Kazeh, penye mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba. Katika safari ya namna hiyo mali ya tajiri ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye angeweza kutoroka usiku wowote, na uhai wa mpagazi ulikuwa mikononi mwa wenzake. Taasisi mbili zilijaza nafasi ambayo dini moja ingeijaza.

Ya kwanza ni utani. Wanyamwezi wana utani na makabila ya upande wa pwani, mathalani Wazaramo, na kwa kawaida asili yake huelezwa kuwa ni safari za misafara. Mtani anaruhusiwa kumtukana mwenzake na kumnyang'anya kitu bila kosa. Papo hapo anadaiwa mambo mazito: kumpokea, kumlisha na kumsaidia anapofiwa. Msafiri aliyefia mbali na kwao alihitaji mtu wa kumzika, naye akapatikana bila kuulizwa kama ni Mwislamu. Ukitafuta katika utani amri ya Mungu, huioni. Ukitafuta wajibu, umejaa tele.

Ya pili ni udugu wa kuchanjiana, ambamo wawili walichanjwa chale na kuchanganya damu. Mfano unaojulikana sana ni wa Mtemi Mirambo wa Urambo na mwandishi Henry Morton Stanley, waliochanjiana huko Serombo mwezi wa Aprili 1876. Aliyeongoza kiapo alikuwa Manwa Sera, mnyapara wa msafara wa Stanley. Kama Stanley alivyoeleza baadaye, Manwa Sera alimwapiza yeyote atakayevunja udugu huo: wanyama wakali na nyoka, chakula chake, marafiki zake na hata bunduki yake mwenyewe vimgeukie. Hakuna mungu aliyetajwa. Kiapo kiliwafaa wote kwa sababu kilitumia hofu walizoshirikiana badala ya imani wasizoshirikiana.

Mtu anaweza kusema kwamba huo si wema bali ni hesabu ya faida, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mirambo alikuwa akitafuta njia ya kuelekea pwani isiyopitia kwa wafanyabiashara wa Tabora, aliopigana nao tangu 1871, na kwa sababu hiyo hiyo alimkaribisha daktari Ebenezer Southon wa Shirika la Kimisionari la London mwaka 1879. Urafiki wao uliendelea hadi Southon alipofariki mwaka 1882. Mirambo mwenyewe alifariki Desemba 1884 bila kubatizwa. Lakini faida haielezi kila kitu kilichotendeka katika njia hiyo, na kisa cha mwaka 1873 ndicho kielelezo.

Mwili wa Livingstone

David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara karibu na Tabora na kumkuta Luteni Verney Lovett Cameron. Yeye aliona afadhali wauzike hapo. Walikataa.

Waliokataa hawakuwa wa dini moja. Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya maziko ya moyo, alikuwa Mkristo aliyesomeshwa Nasik, Uhindi, baada ya kukombolewa utumwani. James Chuma, Myao aliyekombolewa utotoni, alibatizwa Bombay mwaka 1865. Abdullah Susi, aliyeongoza pamoja na Chuma, alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa mwaka 1886 tu, Zanzibar. Wengine walikuwa wapagazi wa kawaida. Aliyewaajiri alikuwa amekufa, hakuwepo mtu wa kuwalazimisha, na Mwingereza mwenye cheo alikuwa amewapa ruhusa ya kuutua mzigo. Bado waliuona mwili ule kuwa ni amana.

Walipotoka Unyanyembe walisikia kwamba mbele hawataruhusiwa kupita na maiti. Wakatengeneza furushi la uongo na kulirudisha nyuma kana kwamba wameamua kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Mjerumani Immanuel Kant alikuwa ameandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata mbele ya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Kwa kipimo hicho akina Susi walikosa. Kwa kipimo cha amana walitimiza walichodaiwa, na ni vigumu kumpata msomaji atakayewalaumu. Labda tatizo liko kwa Kant. Hata hivyo watu wa njiani, waliokuwa na sababu zao za kuogopa maiti kupitishwa katika nchi yao, hawakuulizwa. Mwili ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza; Chuma na Susi hawakuwepo.

Utumwa

Utumwa ndio mtihani mgumu zaidi wa dai kwamba dini huleta maadili mema, kwa kuwa Tabora kila dini iliyokuwepo iliishi nao.

Sheria ya Kiislamu iliukubali utumwa na papo hapo ikauwekea mipaka. Mwislamu huru hakuruhusiwa kutiwa utumwani. Kumwacha huru mtumwa ni thawabu, na Kurani inakutaja kuwa kafara ya aliyevunja kiapo au aliyeua kwa bahati mbaya. Mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake alikuwa huru. Kwa mipaka hiyo, watu wengi waliotekwa katika vita na uvamizi wa bara wasingepaswa kuuzwa hata kidogo, na bado waliuzwa. Hapa tatizo halikuwa ukosefu wa amri. Amri zilikuwepo, na wenye kuzijua walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara. Mmoja wa walioishi Tabora, Muhammad bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe; kwa ndoa hiyo mfanyabiashara wa pwani na ukoo wa kitemi walikuwa familia moja, na mtu hawezi kuutupa mzigo wa lawama upande mmoja tu. Wanyamwezi wenyewe walikuwa na watumwa, na mapato ya pembe na upagazi yaliongeza idadi yao katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mizimu haikukataza.

Wakristo walifika wakiupinga utumwa, lakini nao walikuwa na historia. Kanisa la Moravian, lililoipokea misheni ya Urambo mwaka 1898, lilikuwa limemiliki watumwa katika visiwa vya Karibi katika karne ya 18. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, waliendesha Kipalapala, karibu na Tabora, makao ya watoto waliokombolewa katika miaka ya 1880. Kukomboa kulimaanisha kununua. Kila mtoto aliyenunuliwa aliokolewa, na kila fedha iliyolipwa iliingia mfukoni mwa muuzaji, ambaye kesho angeweza kwenda kutafuta mwingine. Wanafalsafa wanaopima matendo kwa matokeo yake wangeuliza kama bei hiyo haikuongeza biashara. Wanaopima kwa wajibu wangesema mtoto aliye mbele yako haachwi kwa sababu ya hesabu ya soko. Tena watoto hao hawakuulizwa kama wanataka kulelewa katika dini ya aliyewakomboa.

Adrian Atiman anaonyesha pande zote mbili. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara na kununuliwa na Mapadri Weupe. Alisomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake ni hoja nzito ya wale waliotetea ukombozi wa kununua. Haitoshi kuwajibu wapinzani wao, maana waliokamatwa baadaye ili kuziba nafasi, kama walikuwepo, hawana wasifu.

Mwishowe utumwa haukukomeshwa na fatwa wala mahubiri peke yake. Serikali ya Wajerumani haikuupiga marufuku. Mwaka 1904 iliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Marufuku kamili ililetwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Katika miaka hiyo ya mpito tarika ya Kadiria ilipata wafuasi wengi Tabora, wakiwemo Wamanyema, wanawake na watu wenye asili ya utumwa. Katika halaka ya dhikri hakuulizwa mtu alikuwa mali ya nani. Dini iliyokuwa imeuzoea utumwa ndiyo iliyowapa waliotoka utumwani heshima ambayo sheria pekee isingewapa, na jambo hilo lina uzito sawa na lile la kwanza.

Maadili ya kuamini

Mwaka 1877 Mwingereza William Clifford alichapisha insha akidai kwamba kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha ni kosa la kimaadili, si kosa la akili tu. Mfano wake ni mwenye meli anayejiaminisha kwamba meli yake kuukuu ni salama, akaiacha iende na abiria, ikazama. Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896 kwamba yako mambo ambayo mtu hawezi kungoja ushahidi, na hapo ana haki ya kuamini.

Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza ubishi huo una majina ya marehemu. Wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa au kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mara nyingi muuaji hakuanza na kisu. Alianza na ramli. Mtu amefiwa na mtoto, ameambiwa aliyemroga yuko jirani, naye ameamini. James alikuwa na haki kuhusu mfiwa anayetaka faraja. Lakini imani inayomtaja mtu mwingine kuwa mwuaji haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la moyoni mwa anayeiamini, na hapo hoja ya Clifford inashinda.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado iko katika vitabu vya sheria vya Tanzania, haisemi kama uchawi upo. Inaadhibu, pamoja na mengine, kujidai kuwa na nguvu hizo. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku ya wapiga ramli wasiosajiliwa. Sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walishughulikia wezi wa ng'ombe, na katika vijiji kadhaa waliotuhumiwa uchawi pia. Adhabu yao kuu ilikuwa kumtenga mtu: asisalimiwe, asisaidiwe, asishirikishwe. Kutengwa ni afadhali kuliko kuuawa, ila kwa bibi kizee asiye na shamba wala mtoto wa karibu tofauti yaweza kuwa ndogo.

Nyerere na Tabora

Julius Nyerere alisoma Shule ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akabatizwa mwaka 1943, kisha akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria mjini humo kuanzia 1946 hadi 1949. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, lakini alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962 hakuujenga juu ya amri ya Mungu. Aliujenga juu ya udugu wa jamaa, uliotakiwa upanuliwe mpaka umfikie mgeni. Sababu moja ni ya kisiasa: TANU ilikuwa ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza, alikuwa Mwislamu.

Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani, Nyerere alipindua swali la zamani. Hakuuliza kama maadili yanahitaji dini. Alisema Kanisa lisiloshiriki kupinga hali zinazowafanya watu wawe maskini na kunyanyaswa litaonekana ni sehemu ya hali hizo, na halitakuwa na maana kwa watu. Hapo dini ndiyo inayopimwa kwa maadili. Nchini mwake swali la dini liliondolewa katika sensa za taifa baada ya ile ya mwaka 1967, hivyo idadi ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mizimu katika Tabora ya leo inakisiwa tu.